Koni ya kulia ya habu ya nyuma inaliwa haraka, anayejua sababu aseme

#1 MajiNzega
Habari wakuu. Natumia baiskeli ya Phoenix, gurudumu la inchi 28, kubeba maji. Madumu manne ya lita 20, mawili kila upande wa keria. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, naifungua mwenyewe nyumbani, maana fundi yuko mbali na kila akishika spana ni hela.

Shida yangu ni koni ya kulia, upande wa mnyororo, ile pete ya chuma kwenye ekseli ambayo gololi zinaviringika juu yake. Inaanza na vidoa kama vya ncha ya sindano sehemu moja tu, vinaungana vinakuwa shimo, halafu gurudumu linaanza kuguguna na kupata pleyi, yaani kuchezacheza. Ya kushoto inabaki inang'aa. Nabadilisha koni na gololi, naosha kwa mafuta ya taa, naweka grisi mpya, na msimu haujaisha tumerudi palepale. Wenye duka la spea wanasema koni za siku hizi ndivyo zilivyo. Sikubali, kwa sababu ya kushoto ilitoka kwenye pakiti hiyohiyo. Picha hizo hapo. Ni mzigo, ni koni, ni gololi, au ni namna ninavyofunga?

#2 Fundi Kitambo
Salama mkuu. Madumu manne yaliyojaa ni kilo 80 za maji, bado keria na wewe mwenyewe juu. Sehemu kubwa ya huo mzigo iko nyuma. Lakini watu wanabeba zaidi ya hapo na koni zinadumu, kwa hiyo tusianze na mzigo.

Umeweka gololi ngapi? Habu ya nyuma ya baiskeli hizi ni gololi 9 kila upande, za robo inchi. Ya mbele ni 10 kila upande, za 3/16. Wengi wakinunua wanajaza kikombe, lile bakuli la ndani ya habu gololi zinapokaa, mpaka zinabanana, wakidhani nyingi ndiyo nguvu. Zikibanana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe badala ya kuviringika. Kama hukumbuki hesabu, jaza mpaka zienee, kisha toa moja. Na usichanganye mpya na za zamani.

#3 KijanaTBR
Fundi, hapo kwenye kutochanganya mnatutisha tu. Gololi ni gololi. Mimi nachagua zilizo nzima, naongezea mbili tatu mpya, safari inaendelea.

#4 Mwl wa Sayansi
Kijana, gololi iliyotumika imepungua kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, lakini chuma kinakiona. Ukiweka mpya 2 kati ya za zamani 7, zile 2 ni kubwa kuliko wenzake, kwa hiyo kila zinapofika chini ya ekseli zinabeba peke yake mzigo ambao ungegawanywa kwa kadhaa. Hapo koni inapigwa.

MajiNzega, picha yako inasema jambo jingine. Mashimo yako upande mmoja tu wa koni, na nina uhakika ni upande uliokuwa chini baiskeli ikiwa imesimama. Ekseli na koni zake hazizunguki, zimefungwa kwenye fremu. Kinachozunguka ni habu na vikombe vyake. Uzito wako unasukuma ekseli chini, kwa hiyo ni sehemu ileile ya koni inayokandamizwa siku zote, wakati kikombe kinagawanya uchakavu wake mduara mzima. Ndiyo maana koni hutangulia kufa na kikombe hubaki.

#5 Bi Mtoni
Nawasalimu nyote. Miye niko Pemba, marehemu baba alikuwa na karakana ya baiskeli, na mkono huo ninao mpaka leo. Huku kinachokula habu ni maji ya samaki. Tenga linakaa kwenye keria, maji ya chumvi yanachuruzika yanashuka moja kwa moja mpaka kwenye habu. Ukiifungua, grisi imegeuka rangi ya udongo.

Wewe ni maji matamu, lakini ni maji. Vifuniko vya madumu vinavuja? Dumu la upande gani limekaa juu ya habu? Tazama hilo kabla hujalaumu chuma.

#6 Mzee wa Swala
Vijana, nyinyi mmezaliwa na grisi. Habu za Raleigh tulizozikuta, katikati zilikuwa na tundu dogo lenye kifuniko cha springi. Unafungua kwa ukucha, unadondosha oili, unafunga. Habu inakunywa, uchafu unatoka pembeni wenyewe. Nilikuwa na Swala, zile baiskeli zilizoundwa hapahapa Dar na kiwanda cha NABICO, nikaitunza kwa oili tu na koni zilikaa miaka. Grisi ikishashika vumbi inakuwa msasa. Unajisagia habu yako mwenyewe huku unasema umeitunza.

#7 Fundi Kitambo
Shikamoo mzee. Oili nakubali ni nzuri, ila inataka mtu wa kuidondosha kila wiki, na inatoka. Siku mbili tatu za mvua imeshaoshwa. Habu nyingi za sasa hazina hata hilo tundu. Mtu akikuambia weka oili kwenye habu isiyo na tundu, ataiweka wapi? Atapitishia pembeni ya koni, na inapoingia inaingia na vumbi.

Kwa mtu wa mzigo nasema grisi ya beringi za magari, na nyingi. Ijae kwenye kikombe, na ukishafunga ile inayojitokeza pembeni usiifute yote. Inazuia vumbi na maji.

#8 Mzee wa Swala
Marahaba. Lakini hujanijibu kuhusu msasa.

#9 Chuma Mbalizi
Mimi ni mkerezaji, baiskeli naletewa zikishashindikana. Kabla ya kufika mbali, mpime chuma. Chukua tupa nzuri, pitisha kwenye koni, si pale gololi zinapopita bali pembeni kidogo. Koni iliyokomazwa vizuri, tupa inateleza bila kushika. Koni laini, tupa inauma na unaona mng'ao wa chuma kimechunwa. Laini hiyo hata ukiweka grisi ya ndege haikai.

Na kutoka pakiti moja si hoja. Kwenye pakiti moja nimeona moja ngumu na nyingine kama msumari. Zinachomwa kwa mafungu, ya pembeni ya tanuri haiwi sawa na ya katikati.

#10 MajiNzega
Asanteni, naona nimefika penyewe. Majibu: gololi ni 9 kila upande, zote mpya, za robo inchi. Tundu la oili halipo. Vifuniko vya madumu viwili vinavuja kweli, Bi Mtoni, lakini viko upande wa kushoto, na koni ya kushoto ndiyo nzima. Tupa nimejaribu kwenye koni mbili mpya ambazo sijafunga, inateleza kwenye zote.

Mwalimu, nimeiangalia ekseli ilivyokuwa imekaa. Mashimo yalikuwa chini, kama ulivyosema.

#11 Kisumu Boda
Sasa wazee. Huku Kisumu tumebeba watu kwa baiskeli kabla pikipiki hazijajaa. Abiria anakaa nyuma kabisa, uzani wote kwa habu. Koni ya kulia ikikufa peke yake, angalia vitu viwili.

Moja ni cheni. Watu wanavuta gurudumu nyuma mpaka cheni inakuwa kama waya wa gitaa. Cheni ikikazwa hivyo inavuta ekseli mbele saa zote, hata kama hukanyagi, na upande inaovuta ni huo wa kulia. Wacha icheze juu na chini kama sentimita moja na nusu.

Mbili ni ekseli yenyewe. Itoe, iviringishe kwa kioo. Kama imepinda utaona mwanga ukipita chini yake na kupotea. Ekseli ikipinda, koni inakaa upande, gololi zinabeba kwa ukingo.

#12 Mwl wa Sayansi
Kisumu Boda amegusa jambo la maana. Naongeza sababu ya umbo. Friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo, inachukua nafasi upande wa kulia, kwa hiyo kikombe cha kulia kimesogezwa ndani, karibu zaidi na mstari wa katikati ya gurudumu. Ukichora kwenye karatasi na kupiga hesabu ya mizani, beringi iliyo karibu na katikati ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya mzigo. Zaidi ya hapo, kipande cha ekseli kinachobaki hewani kutoka koni ya kulia mpaka kwenye fremu ni kirefu kuliko cha kushoto. Hapo ndipo ekseli hupinda, na ikivunjika huvunjikia hapo. Muulize fundi yeyote ameona ekseli ngapi zimekatika upande wa friwili.

#13 Fundi Kitambo
Nyingi. Za kushoto sikumbuki.

#14 Dada Spoku
Habarini. Mwalimu, mchoro wako ni wa kweli, lakini friwili iko kulia kwenye kila Phoenix, Avon na Hero tunayoiona barabarani, na hazili koni zote namna hii. Lazima kuna kitu kwenye hii moja.

MajiNzega, swali dogo. Upande wa kulia, nje ya koni, kuna nati ya kufungia koni isizunguke? Si ile nati kubwa ya nje ya fremu. Nasema ile nyembamba inayokaa kati ya koni na fremu na kukazana na koni.

#15 MajiNzega
Dada, kulia haipo. Kuna washa moja tu halafu fremu. Kushoto ipo. Nilivyoinunua ndivyo ilivyokuwa, na sijawahi kuona habu hii ikiwa na nati hiyo kulia.

#16 Dada Spoku
Basi nisikilizeni. Simama upande wa kulia wa baiskeli inayokwenda mbele. Gurudumu linazunguka kufuata saa. Gololi zikipata ukinzani, kwa uchafu au kwa kubanwa, zinaiburuta koni kwenda nazo, yaani kufuata saa. Uzi wa ekseli ni wa kawaida, ukizungusha kufuata saa unakaza. Kwa hiyo koni ya kulia isiyo na nati ya kuifunga inajikaza yenyewe kuelekea ndani. Ikijikaza inabana gololi, gololi zikibanwa zinaburuta zaidi, inajikaza tena. Upande wa kushoto mburuto huohuo unalegeza, ndiyo maana kushoto unapata pleyi tu, hupati mashimo.

Nimeona habu imejifunga hivi mpaka gurudumu halizunguki kabisa, na mwenye baiskeli anasema breki zimeshika.

#17 KijanaTBR
Dada hapo umenizungusha mimi badala ya koni. Ekseli si imekazwa na nati kubwa za nje? Koni itazungukaje wakati fremu imeibana?

#18 Dada Spoku
Swali zuri mdogo wangu. Kama nati kubwa imekazwa sawasawa na washa imelala vizuri, koni inabanwa na haiendi popote. Lakini barabara ya mashimo na kilo 80, nati inalegea robo tu ya mzunguko na mwenyewe hujui. Hapo ndipo koni inapata nafasi.

Kupima ni rahisi, hakuhitaji mabishano. Chukua rangi ya kucha, piga mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye koni kwenda kwenye ekseli. Endesha kwa kazi zako za kawaida, kisha fungua. Mstari ukiwa umekatika, koni imezunguka. Ukiwa mzima, nitanyamaza.

#19 Mzee wa Swala
Huyu binti anajua. Sisi tulifundishwa hivi na waliotutangulia: koni ya kurekebishia inakaa kushoto, siku zote, mbele na nyuma. Sababu ni hiyohiyo aliyoitaja. Wanaogeuza gurudumu la mbele na kuliweka vyovyote linavyoingia hawajui kwamba wamehamisha koni ya kurekebishia kwenda kulia.

#20 Chuma Mbalizi
Mburuto wa gololi 9 zenye grisi ni mdogo sana jamani. Ili uzungushe koni dhidi ya fremu lazima habu iwe tayari imeharibika. Kwa hiyo dada anaeleza matokeo, si chanzo. Bado naona ni chuma. Tupa inakuambia ngozi ya juu ni ngumu, haikuambii ngozi hiyo ni nene kiasi gani. Koni hizi zimekomazwa juu tu. Ngozi ikiwa nyembamba, mzigo unaipasua kama ganda la yai na chini yake ni chuma laini.

#21 Dada Spoku
Na kwa nini ya kushoto ya pakiti ileile haipasuki?

#22 Chuma Mbalizi
Mwalimu ameshajibu, kulia kunabeba zaidi.

#23 Papa Kinga
Jambo kwenu ndugu zangu, natokea Goma. Kinga zetu huku, ndizo baiskeli, zinapanda mlima na mizigo ya ndizi, na tuko pia na chukudu, ile ya mbao ya kusukuma. Mji uliijengea mpaka sanamu. Chukudu haina koni wala kikombe. Gurudumu ni mbao, limevikwa mpira wa tairi kuukuu, na katikati wanapigilia beringi nzima, zile za mashine. Inabeba viazi, makaa, mbao, magunia juu ya magunia. Beringi ikichoka unaigonga inatoka, unapigilia ingine. Kwa nini msifanye vile kwa habu ya kinga? Kuhesabu gololi usiku na tochi ni taabu ya bure.

#24 Kisumu Boda
Papa, hiyo chukudu mzigo ukishuka mlima unaisimamishaje?

#25 Papa Kinga
Kipande cha mpira kinagusa gurudumu la nyuma, unakanyaga. Pamoja na mguu. Pamoja na maombi.

#26 Chuma Mbalizi
Wazo la Papa nimelifanya kwa wateja. Beringi ya namba 6000 tundu lake ni milimita 10, nje 26, unene 8. Ekseli ya nyuma nyingi ni kama milimita 10 au chini kidogo, kwa hiyo inakaribiana, lakini za nyuzi za Kiingereza za 3/8 ni milimita 9.5, zinataka kidude cha kujaza nafasi. Halafu habu ya bati lililokandamizwa haina nyama ya kushika beringi. Inabidi nikereze nyumba mpya ya chuma na kuichomelea. Ukipiga hesabu, umelipa bei ya habu mbili au tatu. Kwa mtu wa maji wa kila siku inalipa. Kwa wa kwenda kanisani Jumapili, hapana.

Jambo jingine, beringi hizi zimetengenezwa kubeba mzigo ulionyooka. Koni na kikombe vinastahimili na wa kusukuma pembeni, kwenye kona.

#27 Mwl wa Sayansi
Chuma, marekebisho kidogo. Beringi za 6000 nazo zinabeba msukumo wa pembeni, si nyingi ila zinabeba. Kwa baiskeli hiyo haiwezi kuwa sababu ya kuzikataa. Hoja ya bei na ya bati ndiyo yenye uzito.

#28 Chuma Mbalizi
Sawa mwalimu, nimekupata.

#29 Jirani wa Reli
Natoka kwenye maji kidogo. Koni iliyoanza vidoa inafufuka? Kuna jamaa hapa mtaani anaifunga kwenye mashine ya kutobolea, anaizungusha huku ameshika msasa mpaka inang'aa, anauza kama mpya.

#30 Fundi Kitambo
Kung'aa inang'aa. Lakini soma alichoandika Chuma kwenye #20. Ngozi ngumu ni nyembamba. Ukiisugua mpaka shimo lipotee umeshafika kwenye nyama laini. Vidoa vya kutu vya juujuu vinaondoka kwa msasa laini na koni inaendelea kufanya kazi. Shimo ambalo ncha ya kalamu inakwama, koni hiyo itupe. Kalamu ndiyo kipimo changu. Pitisha ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi, ikikwama popote basi.

Kuna njia nyingine ya kuchelewesha, ambayo sioni ikitajwa. Kwa kuwa koni inaliwa upande wa chini tu, legeza nati kubwa mbili za nje, shika ekseli, izungushe nusu mzunguko pamoja na koni zake bila kugusa marekebisho, kaza tena. Upande mzima unakuja chini. Ni kazi ya dakika chache na hufungui chochote. Fanya koni ikiwa bado nzima, usingoje shimo. Inakuongezea maisha karibu mara mbili.

#31 Mwl wa Sayansi
Fundi, hiyo ni nzuri sana. Tahadhari moja. Kama ekseli imepinda, nusu mzunguko itageuza na kipindo, na gurudumu halitakaa palepale kwenye fremu. Anza na kioo cha Kisumu Boda.

#32 Bi Mtoni
Na kuikomaza upya? Baba alikuwa akiweka koni kwenye kopo pamoja na makaa yaliyosagwa na mifupa iliyochomwa, anafunga kwa udongo, anaacha motoni muda mrefu mpaka kopo lote jekundu, kisha anatumbukiza koni kwenye maji. Tupa haikuwa ikishika baada ya hapo.

#33 Chuma Mbalizi
Bibie, hiyo ni kazi ya wahunzi wa tangu zamani na ni ya kweli kabisa. Mkaa unaingia kwenye ngozi ya chuma. Shida ni kwamba koni inaweza kupinda kidogo ikitumbukizwa, na uzi wa ndani unaharibika, haipandi tena kwenye ekseli. Kwa shoka au jembe safi sana. Kwa koni, ukipata mpya nunua mpya. Mzee wako alikuwa na mkono.

#34 Bi Mtoni
Ahsante. Alipakaza udongo ndani ya tundu kwanza. Uzi haukuguswa na moto moja kwa moja.

#35 Chuma Mbalizi
Hilo la udongo ndani ya tundu nitalijaribu wiki hii.

#36 MajiNzega
Wakuu, nimerudi na majibu.

Nilipiga mstari wa rangi ya kucha kama dada alivyosema, kulia na kushoto. Nimefanya kazi za kawaida, barabara ileile, madumu manne. Nimefungua. Mstari wa kulia ni mzima. Wa kushoto ni mzima pia.

Kisha nikaiweka ekseli kwenye kioo cha meza. Imepinda, si sana, lakini mwanga unapita. Kipindo kiko kulia, mbele tu ya koni. Nimebadilisha ekseli. Wakati huohuo nimeongeza nati nyembamba upande wa kulia, nimelegeza mnyororo ucheze, nimekata mpira wa tyubu ya zamani duara zenye tundu dogo nikavisha kwenye ekseli pande zote mbili kuzuia vumbi, na grisi nimeijaza kama ya Fundi. Nikiinyanyua nyuma sasa, gurudumu linazunguka, linapunguza, linayumba kwenda na kurudi mpaka valvu inatulia chini yenyewe. Zamani lilikuwa linasimama popote.

#37 Kisumu Boda
Ekseli. Niliwaambia #11.

#38 Dada Spoku
Hongera kaka. Mstari mzima ni mzima, kwa hizo siku. Lakini ulikuwa umekaza nati za nje upya ulipopiga rangi, sivyo? Habu iliyokazwa juzi haiwezi kuonyesha kinachotokea nati zikilegea. Piga mstari mwingine kwenye ekseli mpya, angalia tena mvua zikianza.

#39 Chuma Mbalizi
Na mimi nauliza, ekseli ilipinda kwa nini? Ekseli ya chuma kizuri haipindi kwa kilo 80. Tumerudi kwenye chuma.

#40 Mwl wa Sayansi
Ilipinda kwa sababu ya urefu unaobaki hewani upande wa friwili. Angalia #12. Na kuna jambo la fremu. Masikio ya nyuma, pale ekseli inapoingia kwenye fremu, yasipokuwa sambamba, kila unapokaza nati unaikunja ekseli mwenyewe. Yapime kwa kuingiza ekseli tupu upande mmoja mmoja, uone kama inaelekea sikio la pili bila kulazimishwa.

#41 Mzee wa Swala
Amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, sasa kila mmoja wenu anadai ng'ombe ni wake. Angebadilisha kimoja kimoja tungejua.

#42 MajiNzega
Mzee, shikamoo. Baiskeli hiyo ndiyo inaleta unga nyumbani. Siwezi kuendesha na ekseli iliyopinda ili tujue nani ameshinda.

#43 Mzee wa Swala
Marahaba mwanangu. Umesema kweli. Masikio ya fremu yapime lakini, hilo la mwalimu si la kupuuza.

#44 Jirani wa Reli
Hizo nati nyembamba mnazikaza na spana gani? Zangu nene, zinashika koni na nati kwa pamoja.

#45 Fundi Kitambo
Koni ya nyuma mara nyingi inataka spana ya 15, ya mbele 13, nyembamba kiasi cha milimita 2 hivi. Dukani ni adimu. Nunua spana ya kawaida ya bei rahisi, ipeleke kwenye jiwe la umeme, ipunguzwe pande zote mbili mpaka iingie. Mwambie anayesaga aichovye kwenye maji mara kwa mara, ikigeuka rangi ya bluu imeshakuwa laini na itafunguka mdomo. Shika koni na hiyo nyembamba, nati kaza na spana ya kawaida. Ukishakaza jaribu tena kwa vidole, maana nati ikikaza huwa inaisukuma koni ndani kidogo. Kwa hiyo acha pleyi ndogo kabla ya kukaza.

#46 KijanaTBR
Nimehesabu za kwangu leo asubuhi. Kulia zipo 9, kushoto zipo 8 na kipande.

#47 Fundi Kitambo
Kipande kitoe leo hii, kabla hakijazunguka kikombe chote. Osha kwa mafuta ya taa, kagua kikombe kwa kalamu, weka 9 mpya kila upande. Kikombe kikiwa na mkwaruzo wa kukwama, njoo na picha tuzungumze namna ya kukigonga kitoke bila kuipasua habu.

#48 KijanaTBR
Kalamu imekwama sehemu mbili. Picha hizo.

#49 Bi Mtoni
Naziona. Kikombe cha picha ya pili kutoka juu bado kinafaa, ni kutu tu. Kile kingine kinatoka. Tafuta nondo iliyonyooka, ipitishe kutokea upande wa pili wa habu, gonga ukingo wa kikombe taratibu, hapa kidogo, pale mkabala wake kidogo, kitoke kimenyooka. Kipya ukirudisha usigonge na nyundo. Tumia bolti ndefu na washa nene mbili, kaza polepole ukivute kiingie chenyewe. Kikiingia kwa urahisi mno, bila kubana, usifunge gurudumu, sema kwanza.